Chukudu Yangu Iko Fiti

Wasee, pikipiki mtu yeyote mwenye ganji anainunua ikiwa tayari. Chukudu, skuta yetu ya mbao ya kusukuma kwa mguu, unaundiwa wewe. Fundi anakucheki urefu, anakuuliza utabeba nini na utashuka mlima gani, ndipo anashika panga. Siku 1 hadi 3, mnyama amesimama: mbao ngumu za mumba na mkaratusi, urefu karibu mita 2, magurudumu ya mti yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu.

Yangu niliizimia kabla haijaisha. Papa fundi aliparuza ile mikono ya kushikia kwa kisu mpaka ikakaa freshi viganjani mwangu. Akapigilia kipande cha kandambili pale ninapoweka goti, lisichubuke nikisukuma kwa mguu wa pili. Breki ni ulimi wa tairi juu ya gurudumu la nyuma. Unakanyaga, mpira unanuka, spidi inakufa.

Raha yenyewe ni kuteremka mlima kutoka Mushaki hadi Sake, huku kwetu mashariki mwa Kongo. Jumapili hatuna mzigo. Mbogi inajipanga juu, unapiga mateke mawili matatu, mlima unamaliza kazi. Upepo unakata masikio, mbao zinalia chini yako, na kila kona unajua chombo chako kitalalia wapi. Chukudu ya kuazima haikupi hiyo stimu. Nimepanda za mabeshte, ni kali, lakini mwili unakataa kuziamini.

Hii ndinga ilianza kuonekana Kivu Kaskazini miaka ya 1970, enzi za Rais Mobutu, maisha yakiwa yamekaza. Zile kubwa zinabeba hadi kilo 800: viazi, makala, maharage. Vita ikiwaka, ndizo zinazobeba magodoro na watoto wa familia zinazokimbia. Goma waliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu mwaka 2009, katikati ya rond-point, na inastahili kabisa. Nikipita pale na yangu nanyoosha mgongo. Kuna masharobaro wanasema ni usafiri wa wakulima. Ni kweli, na hao wakulima ndio wanaolisha mji.

Chukudu ya kazi inadumu miaka 2 hadi 3 hivi. Hii ikichoka narudi kwa papa yule yule. Nishamwambia: mbao ni zile zile, ila mkono wa kushoto aushushe kidogo, maana kona za Sake nazichukua nikiwa nimelala upande huo.