Je, Wajua? Reli ya miezi 30 ilichukua miaka 7
Reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, Desemba 1907. Reli ya kisasa, SGR, kati ya miji hiyohiyo iliwekewa jiwe la msingi Aprili 2017 na kupangiwa miezi 30. Safari za abiria zilianza tarehe 14 Juni 2024. Kutandika reli ni hatua moja tu: treni ya umeme haiondoki bila nyaya, mitambo ya ishara, vichwa, mabehewa na majaribio. Katika ratiba ya ujenzi, kazi ya lazima inayokamilika mwisho ndiyo huamua siku ya kufungua, hata nyingine zote zikiwahi.