Mwanamke Apigaye Udi

Zeze mwalijua, na wengine wenu mliofika pwani mmesikia udi wa taarabu ya Unguja. Leo na tutazame picha ya mwanamke mwenye chombo kilicho ndugu ya udi huo. Kwani Wazungu walikipata kwa Waarabu pamoja na jina lake, wakakiita liuto.

Mwanamke huyu amevaa nguo ya buluu yenye nakshi za dhahabu, na kichwani amejifunga kitambaa. Amekikumbatia chombo, vidole vi juu ya nyuzi, naye atutazama usoni. Aliyemchora ni Artemisia Gentileschi, naye alijichora mwenyewe, yapata miaka ya 1615 hata 1618, alipokuwa akikaa Florence katika nchi ya Italia.

Alizaliwa Roma mwaka 1593. Baba yake, Orazio, alikuwa mchoraji, akamfundisha kazi yake nyumbani. Mwaka 1611 Agostino Tassi, mchoraji aliyefanya kazi pamoja na babaye, alimwingilia kwa nguvu. Mwaka uliofuata shauri likaletwa barazani. Huko vidole vya binti vilifungwa kamba, zikakazwa, ili ijulikane kama asema kweli. Wala hakugeuza neno lake, na Tassi akahukumiwa. Katika baraza lile lile alisema kwamba hajui kuandika, na kusoma ni kidogo tu.

Basi vitazameni tena vidole vile juu ya nyuzi: ndivyo vilivyokazwa kamba.

Baada ya hayo aliolewa, akahamia Florence, akazaa watoto. Mwaka 1616 alipokewa katika chuo cha wachoraji wa mji ule, wa kwanza miongoni mwa wanawake. Na kuandika akajifunza akiwa mtu mzima. Barua za mkono wake zingaliko hata leo. Picha hii ilinunuliwa mwaka 2014 na jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, mjini Hartford, Marekani, nayo iko huko.

Enyi wazazi, na ninyi walimu, Orazio alimpa binti yake burashi, na hilo lilikuwa jema. Kalamu hakumpa, ilimpasa aitafute mwenyewe, mtoto akiwa mgongoni, kama tusemavyo sisi. Mabinti wetu na wapewe vyote viwili mapema.