Wauza vitabu vya kale Italia walia na vibali, si kodi

Biashara ya vitabu vya kale nchini Italia haina uhaba wa mali, na wateja bado wapo. Wanaoishi kwa biashara hiyo wanasema kinachowakwamisha ni kibali cha kupeleka kitabu nje ya nchi. Mfano unaotajwa mara kwa mara ni barua za Mtakatifu Katarina wa Siena, katika toleo lililochapwa Venice mwezi Septemba mwaka 1500 na Aldo Manuzio. Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani hulichangamkia kila linapojitokeza mnadani au kwenye katalogi za wauzaji.

Mfanyabiashara mmoja wa siku nyingi katika soko hilo, aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa jina kwa kuwa ana maombi yanayosubiri kwa maofisa anaowalalamikia, anasema mnunuzi wa nje hana subira. Muuzaji hununua kitabu kwa mtaji wake au kwa fedha ya kukopa, anakihifadhi kwenye sefu, anaomba kibali, kisha anakaa. Wakati yeye amekaa, mteja wa Marekani anaambiwa kwamba ipo nakala nyingine London au New York, ambayo ilikwishatoka Italia zamani na haihitaji ruhusa ya mtu yeyote wa Roma. Mteja anaihama bidhaa ya Italia, na riba ya mkopo haimhurumii muuzaji. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mfanyabiashara huyu inaumiza hata mfuko.

Hoja yake ina uzito kwa sababu toleo hili si kitabu cha nakala moja. Nakala nyingi zimesalia katika maktaba za Ulaya na Marekani, na nyingine ziko mikononi mwa watu binafsi. Kitabu kinachopatikana sehemu kadhaa duniani kinauzwa na yule anayeweza kukikabidhi mapema. Bei nzuri peke yake haitoshi.

Chanzo cha mgogoro ni sheria ya urithi wa utamaduni ya mwaka 2004, pamoja na marekebisho ya mwaka 2017. Marekebisho hayo yalipokewa vizuri na wafanyabiashara. Umri wa kitu kinachohitaji ruhusa ulipandishwa kutoka miaka 50 hadi 70, na kikawekwa kiwango cha thamani cha yuro 13,500. Kitu cha kale kisichofikia kiwango hicho kinaweza kutoka kwa tamko la mwenyewe. Lakini unafuu huo uliviacha nje vitabu vyote vilivyochapwa kabla ya mwaka 1501, vile ambavyo wenye fani huviita inkunabula. Hivyo vinahitaji kibali bila kujali thamani yake.

Barua za Katarina, zilizotoka mitamboni miezi michache tu kabla ya mwaka huo wa mpaka, ziko upande mgumu wa sheria. Nakala iliyochanika, iliyoliwa na wadudu na kupoteza karatasi kadhaa, inalazimika kupanga foleni sawa na nakala safi. Kitabu kilichotoka kiwanda hichohicho miaka michache baadaye, kikiwa na thamani chini ya yuro 13,500, kinapita. Mfanyabiashara wetu anauliza ni urithi gani wa taifa unaolindwa kwa kuizuia nakala iliyochakaa ya kitabu ambacho maktaba za Italia zenyewe zinacho. Swali hilo halijapata jibu la kuridhisha.

Ofisa mmoja anayefahamu utaratibu wa vibali, naye bila kutaka kutajwa, anajibu kwa takwimu moja: siku 40. Ndiyo muda ambao sheria inaipa ofisi kukubali au kukataa ombi tangu kitu kiwasilishwe. Anaongeza kwamba kibali kikishatolewa hudumu miaka 5, tofauti na zamani kilipokuwa cha miaka 3, hivyo muuzaji makini anaweza kuomba mapema kabla hata ya kumpata mteja. Kwake yeye, anayelalamika ni yule aliyechelewa kujipanga.

Siku 40 ni takwimu inayopendeza, lakini ni muda ulioandikwa kwenye sheria na haitwambii watu wanasubiri muda gani hasa. Wafanyabiashara wanasema hesabu huanza pale kitabu kinapowekwa mezani mbele ya wakaguzi, wakati kupata siku ya kukiweka hapo ni safari nyingine. Maofisa wakidai hati zaidi, wanasema, kalenda husimama. Ofisa huyo hakuwa na wastani wa muda halisi wa kututajia. Bila wastani huo, ni vigumu kuichukua takwimu yake kama ushahidi kwamba mambo yanakwenda sawa.

Ucheleweshaji si hofu kubwa kuliko zote. Ombi likikataliwa, huanza utaratibu wa kukitangaza kitabu kuwa mali yenye umuhimu wa kitaifa. Kikishatangazwa hivyo hakiruhusiwi kuondoka nchini moja kwa moja, na serikali hailazimiki kukinunua. Mwenye mali anabaki na mali yake, ila soko lake limepungua kutoka dunia nzima hadi wanunuzi wa Italia peke yao. Kwa hiyo, anasema mfanyabiashara, wapo wanaoamua kutoomba kabisa, na vitabu vinabaki vimefungiwa kabatini, havisomwi wala haviuzwi.

Ili kuelewa kwa nini watu wanahangaikia kitabu hiki, ni vyema kukitazama kwa karibu. Katarina alizaliwa mwaka 1347, binti wa mtia rangi nguo wa Siena, akafariki Roma mwaka 1380 akiwa na miaka 33. Hakuwa msomi wa chuo. Alisema, makarani wakaandika, na barua zake zikawafikia mapapa, malkia wa Napoli, makamanda wa askari wa kukodiwa, wafungwa na watawa. Zilizohifadhiwa hadi leo ni zaidi ya 370. Toleo lililotangulia, la Bologna mwaka 1492, lilikuwa na barua 31 tu. Manuzio alitoa zaidi ya 350 katika juzuu moja kubwa, akiiweka chini ya heshima ya kardinali wa ukoo wa Siena, ambaye mwaka 1503 alichaguliwa kuwa papa.

Kilichopandisha bei, hata hivyo, ni karatasi moja. Ni picha iliyochongwa kwenye ubao ikimwonyesha Katarina amesimama, mkononi ana kitabu kilichofunguliwa na moyo. Ndani ya kitabu hicho na juu ya moyo huo yamechapwa maneno machache ya kumwita Yesu, kwa herufi nyembamba zilizolala kuelekea kulia. Hapo ndipo herufi za mlazo zilipochapwa kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Manuzio alizitumia kuchapa kitabu kizima cha mashairi ya Virgil, na leo zimo katika kila kompyuta. Wakusanyaji wa historia ya uchapaji wanaigombea karatasi hiyo kuliko barua zenyewe.

Nakala kamili na safi inahesabiwa kwa makumi ya maelfu ya yuro. Ikikosa picha, bei huporomoka. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu huanza ukaguzi kwenye ukurasa huo. Huuinua mbele ya taa aone mistari ya kalibu iliyotengenezea karatasi, na kama inalingana na ya kurasa za jirani. Hupitisha kidole nyuma ya karatasi: herufi zilizokandamizwa na mashine ya mbao huacha mbonyeo unaoguswa, ilhali ukurasa wa kunakili wa zama zetu huwa laini. Matundu ya wadudu nayo hutoa ushahidi. Tundu lililotoboa ukurasa wa kabla na wa baada, likaruka ukurasa wa picha, linaonyesha kwamba picha ililetwa kutoka kwingine.

Baada ya karatasi huja mihuri, na hapa serikali ina hoja ambayo wafanyabiashara hawapaswi kuipuuza. Nyumba za watawa za Italia zilifungwa kwa wingi enzi za Napoleon, kisha tena kwa sheria ya mwaka 1866. Vitabu vyao vilitawanyika, vingine kwenda maktaba za umma, vingine sokoni. Muhuri wa konventi kwa hiyo hauthibitishi wizi, lakini pia hauthibitishi uhalali. Mwaka 2012 iligundulika kwamba maktaba moja ya kihistoria ya Napoli imeporwa kwa mpango, na mkurugenzi wake mwenyewe akapatikana na hatia. Mwaka huohuo kitabu cha Galileo kilichokuwa kimeuzwa Marekani kwa bei kubwa kikathibitika kuwa cha kughushi. Hifadhidata ya polisi wa Italia ya mali za sanaa zilizoibwa ina kumbukumbu za vitu zaidi ya milioni 1.

Mfanyabiashara wetu habishani na hayo. Anachosema ni kwamba mwizi haendi kuomba kibali. Anayekwenda ni mwenye duka, mwenye anwani na mwenye risiti, na ndiye anayebeba gharama za makosa ya wengine. Maneno hayo ni ya mtu anayetetea riziki yake, lakini ni vigumu kuyakataa.

Kwa upande wa kodi serikali inajivunia hatua yake, na safari hii kwa haki. Mwaka 2025 Italia ilipunguza Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa kazi za sanaa na vitu vya kale kutoka asilimia 22 hadi 5, chini kidogo ya Ufaransa yenye asilimia 5.5 na Ujerumani yenye 7. Kama unafuu huo utawarudisha wanunuzi wa nje bado ni mapema kusema. Mteja anayefurahia kodi ndogo bado atauliza kitabu kitamfikia lini, na muuzaji hana jibu la uhakika.

Mwelekeo wa biashara hii hautabiriki kirahisi. Iwapo ofisi zitaheshimu siku 40 kuanzia siku ombi linapopokelewa, na iwapo nakala za kawaida za vitabu vinavyopatikana kwingi zitapewa njia ya haraka, soko la Italia linaweza kupata nguvu. Dalili za mabadiliko hayo hazionekani kwa sasa, na wauzaji wengi wanaelekeza macho kwenye nakala zilizokwisha kutoka nchini.

Kwa wasomaji wetu walioko Italia, wakiwemo mapadre, watawa na wanafunzi wanaoandaliwa Roma, nasaha ni moja. Anayetaka maneno ya Katarina atayapata katika matoleo ya kisasa kwa bei ya kitabu cha kawaida, na toleo la mwaka 1500 limewekwa mtandaoni na maktaba kubwa, lasomwa bure. Anayetaka kitabu chenyewe aombe kwanza historia ya umiliki na kibali, vyote kwa maandishi, kabla ya kutoa hata yuro moja. Kitabu kisicho na hati hizo ni ghali kwa bei yoyote.