Mtoto Mwenye Usonji: Usimfunge Kamba, Tafuta Sababu

Huenda hapo Kizwite unamfahamu mtoto asiyesema, asiyeitika akiitwa, anayepiga kelele na kujing'ata mkono. Majirani husema amerogwa, au mama yake hakumfunza adabu. Wako wanaomfunga mtoto kama huyo kamba waendapo shambani.

Huenda mtoto huyo ana usonji. Usonji si uchawi, hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ubongo wake umekua kwa namna tofauti. Hakuna dawa ya kuuondoa usonji, lakini mzazi anaweza kufundishwa namna ya kumlea. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya wazazi, yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani.

Mzazi hujifunza kwamba vurugu za mtoto zina sababu. Kila zitokeapo, jiulize: Kabla yake kulitokea nini? Mtoto alifanya nini? Baadaye alipata nini?

Tuchukue mfano. Mama amekwenda na mwanawe kusaga mahindi. Mashine ikinguruma, mtoto anaziba masikio na kujipiga kichwa. Mama akimchapa, kelele zinazidi. Mtoto huyu si mkaidi, mlio unamuumiza. Afadhali abaki na bibi yake, au asubiri mbali na mashine.

Mfano wa pili: mtoto hutupa sahani, ndipo watu hukumbuka kumpa maji. Amejifunza kwamba kutupa sahani huleta maji. Basi mfundishe kugusa kikombe. Shika mkono wake, uguse kikombe, kisha mpe maji papo hapo na umsifu. Rudia kila siku. Baba, bibi na ndugu zake wote wafanye vivyo hivyo.

Zaidi ya hayo:

1. Sema naye kwa maneno machache.
2. Chakula, kuoga na kulala viwe kwa saa zile zile.
3. Msifu anapofanya vema.
4. Akijiumiza, mzuie kwa upole. Usimpige.

Mpeleke mapema kwenye zahanati au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga. Apimwe masikio pia, kwani asiyesikia naye huchelewa kusema.

Wenyeji husema jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Basi tutupe na kamba pia.