Hisani Isiyodai Malipo

Katika mambo ambayo dini humwamuru mfuasi wake, ni machache yaliyo mazito kama kumpelekea imani jirani asiyeiomba. Mkristo ameamriwa na Injili kuwaendea mataifa yote; lakini Injili hiyo hiyo imemwamuru ampende jirani yake kama nafsi yake, na ampendaye jirani yake hamkeri, hamtishi, wala hamnunui. Basi ni kwa njia gani aweza kumshirikisha mwenzake jambo ambalo yeye analiona kuwa ni uzima, pasipo kumpokonya ikhtiari ya kulikataa? Wanazuoni wamelijibu swali hili kwa vitabu vingi. Watu wa Meru na Embu, wakaao upande wa mashariki wa Mlima Kenya, wamelijibu kwa maisha yao kwa muda wa zaidi ya miaka 100, na jibu lao, pamoja na fanaka na hasara zake, lastahili kutazamwa kwa makini.

Dini ya Kikristo si ya kale katika nchi hiyo. Serikali ya Kiingereza iliweka boma Embu mwaka 1906 na Meru mwaka 1908, na wamisionari hawakukawia kufuata. Mwaka 1910 daktari Crawford wa misheni ya Kianglikana alifungua kituo Kigari, katika Embu, mahali ambapo leo pana chuo cha ualimu. Mwaka 1911 mapadre wa Shirika la Consolata, waliotoka Torino katika Italia, waliingia Imenti. Mwaka 1912 Wamethodisti, ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha kukaa Ribe, karibu na Mombasa, tangu mwaka 1862, walijenga Kaaga. Na mwaka 1922 daktari Clive Irvine wa Kanisa la Scotland alitua Chogoria pamoja na mkewe. Mwenyeji wa zama zile, aliyeiona bendera na msalaba vikipanda mlima kwa njia moja, alikuwa na haki ya kushuku kwamba vyote viwili vilitumwa na bwana mmoja, na kwamba siku ya kukubali kimoja ndiyo siku ya kutiwa nira ya kingine.

Shaka hiyo haikuondolewa na hotuba. Iliondolewa, kwa kadiri ilivyoondoka, na mambo mawili ambayo kila mtu aliweza kuyaona kwa macho yake. Jambo la kwanza lilikuwa tiba. Wakati ule maradhi ya buba yalikuwa yamewatawala watoto na watu wazima katika sehemu nyingi za Kenya, yakiwatia vidonda mikononi, miguuni na nyusoni, vilivyonuka na kuandamwa na nzi. Mgonjwa akaja katika zahanati ya misheni, akadungwa sindano, na baada ya siku chache vidonda vikakauka mbele ya jamaa zake waliokuwa wamekwisha kukata tamaa. Jambo la pili lilikuwa walimu wenyeji. Mzungu alikuwa mmoja na matuta ya nchi ni mengi. Kwa hiyo walioifikisha imani katika maboma ya ndani walikuwa vijana waliojifunza kusoma, walioitwa athomi, wakarudi makwao kufundisha, kuzika wafu, kusuluhisha ugomvi wa mipaka na kukaa na watu waliowajua tangu utotoni. Filipo M'Inoti, mmoja wa wachungaji wa kwanza wa Kimethodisti katika Wameru, alikuwa mtu wa namna hiyo. Mwalimu kama huyo hakuweza kuficha kitu: jirani alimjua alivyomtendea mkewe, alivyolipa deni, na alivyonena alipokasirika, na kwa mizani hiyo ndiyo mafundisho yake yalipimwa.

Mwaka 1929 ulileta funzo lenye uchungu. Wamisionari wa Kanisa la Scotland, waliokuwa wameyaona hospitalini madhara ya tohara ya wanawake, waliazimia kuwataka washirika wao waikane desturi hiyo, pamoja na chama cha siasa cha Wakikuyu kilichoitetea, na kuithibitisha ahadi yao kwa alama ya kidole gumba katika karatasi, jambo ambalo watu waliliita kirore. Si insafu kuwalaumu kwa makusudi yao, kwa kuwa desturi yenyewe iliwaumiza wasichana na kuwahatarisha wakati wa uzazi. Lakini njia waliyoishika ilikuwa ya hakimu, si ya jirani. Huko Chogoria, sehemu kubwa ya washirika waliona afadhali kuliacha kanisa kuliko kutia kidole. Watu ambao jana waliimba tenzi pamoja walipitana njiani bila salamu, na imani ambayo miaka saba ya tiba na mafundisho ilikuwa imeijenga ikaonekana kuwa mali ya mgeni, ambayo sharti arudishiwe mwenyewe.

Amri haikufua dafu hata ilipotoka katika kinywa cha wenyeji. Mwaka 1956 Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, kwa shauri la serikali, lilipiga marufuku desturi hiyo. Na badala ya kukoma, wasichana wengi walikwenda porini wakatahiriana wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, yaani wale waliosema watajitahiri. Ikapita miaka 40. Ndipo mwaka 1996, katika Gatunga ya Tharaka, jamaa chache zilizoshawishiwa na chama cha Maendeleo ya Wanawake ziliwaweka binti zao ndani kwa muda wa siku kadhaa, wakafundishwa na wanawake wa makamo mambo yote yampasayo mwanamke kuyajua, kisha wakatolewa kwa ngoma, zawadi na vyakula, pasipo kisu. Na tohara hiyo ya maneno ikaenea katika wilaya nyingine, makanisa nayo yakaishika na kuifanya yao. Msomaji atazame tofauti. Mara mbili watu waliamriwa kuacha jambo, wakaligandamia. Mara ya tatu walipewa jambo jema la kushika badala yake na watu waliowaheshimu, wakaanza wenyewe kulegeza mkono. Kazi haijakwisha hata leo, lakini njia imejulikana.

Mapenzi yanayofundisha dini kwa kawaida hayana haraka ya kujitangaza, na kwa jambo hili nchi ya Tigania na Igembe ina ushahidi unaotiririka. Ndugu Giuseppe Argese, Mtaliano wa Shirika la Consolata, hakuwa padre, alikuwa fundi. Alipofika Tuuru, palipokuwa na makao ya watoto walemavu, ambao wengi wao miguu yao ilikuwa imepoozwa na polio, aliona kwamba watoto hao na watu wa nchi yote ya chini walikuwa wakitaabika kwa ukosefu wa maji, ilhali juu yao msitu wa Nyambene ulikuwa umefunikwa na ukungu karibu kila siku. Ukungu hukamatwa na majani na matawi ya miti, ukadondoka, ukazama ardhini. Naye akachunguza mahali unapotokea tena chini ya udongo, akachimba, akajenga mifereji ya kuukusanya na mabwawa ya kuuhifadhi, kisha akayateremsha maji kwa mabomba hadi nchi kavu iliyo mbali na mlima. Kazi hiyo, iliyofanywa pamoja na mamia ya vibarua wa pale pale, ilidumu kwa miongo mingi, na maji yakawafikia watu kwa maelfu. Wameru walimwita Mukiri, yaani mtu mkimya. Alifariki mwaka 2018.

Mwanamke wa Igembe ambaye zamani aliamka kabla ya jogoo kwenda mtoni na mtungi, akarudi jua limekwisha kupanda na watoto wamekwenda shule bila ya kunywa uji, sasa huufungua mfereji ulio kando ya njia, akasubiri zamu yake huku akizungumza na wenziwe. Hakuna anayemwuliza kwenye mfereji kama amebatizwa. Mkatoliki, Mmethodisti, Mwislamu wa Maua na mzee asiyemjua mungu mwingine ila Murungu wa babu zake, wote hujaza ndoo katika bomba moja; na katika kutoulizwa huko ndimo lilimo fundisho, kwa sababu hisani inayogawiwa kwa kadi ya dini si hisani tena, bali ni chambo katika ndoana, na samaki aliyewahi kuchomwa huitambua ndoana kwa mbali.

Hata hivyo, mfano ulio mkubwa kuliko yote uliotoka katika nchi hii haukuishia katika nchi hii. Mwaka 1985 shule ya wauguzi ya hospitali ya Nkubu, kusini ya mji wa Meru, ilipata mwalimu mkuu mpya, Sista Leonella Sgorbati, mzaliwa wa jimbo la Piacenza katika Italia, aliyeingia Shirika la Masista wa Consolata mwaka 1963 na kufika Kenya mwaka 1970. Kazi ya mwalimu wa wauguzi si kazi ya kuonekana. Humfundisha mwanafunzi kumgeuza mgonjwa asiyejiweza ili ngozi yake isichubuke, kumwosha pasipo kumvunjia staha, kuhesabu mapigo ya moyo kwa saa ya mkononi, kuandika alichokiona wala si alichokidhani. Na mwanafunzi huyo akiisha kuhitimu huondoka, akaenda kuwahudumia watu ambao mwalimu wake hatawaona kamwe. Sista Leonella alifanya kazi hiyo mpaka mwaka 1993, alipochaguliwa kuwaongoza masista wenzake wa Kenya.

Mwaka 2001 alikwenda Mogadishu, mji mkuu wa Somalia, nchi ambayo serikali yake ilikuwa imeanguka miaka 10 kabla na ambayo wenyeji wake karibu wote ni Waislamu, akatazama uwezekano wa kuanzisha shule ya wauguzi katika hospitali ya shirika la SOS. Na mwaka uliofuata shule ikaanza. Huko hapakuwa na mimbari wala mkutano wa injili. Palikuwa na darasa, wodi, na vijana wa Kisomali waliojifunza kuwaponya ndugu zao katika mji ambao bunduki zilikuwa rahisi kupatikana kuliko dawa. Mwaka 2006 wauguzi 34 wa kwanza walihitimu. Tarehe 17 Septemba ya mwaka huo huo, alipokuwa akitoka kazini kurudi katika nyumba yao iliyokuwa ng'ambo ya barabara, alipigwa risasi. Wenzake waliomkimbilia walishuhudia kwamba kabla ya kukata roho alitamka neno la msamaha mara tatu. Tarehe 26 Mei 2018 Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa mwenye heri, huko Piacenza.

Siku ile ya Septemba hakufa peke yake. Mohamed Mahamud, Mwislamu, baba wa watoto wanne, aliyekuwa akimlinda, alikuwa naye, naye akauawa. Mkristo asomaye habari hii na kuona ndani yake ushindi wa dini yake juu ya dini nyingine hajaisoma sawasawa. Maana kama kutoa uhai kwa ajili ya mwenzako ndicho kipimo cha juu cha upendo, kama Injili isemavyo, basi siku ile kipimo hicho kilifikiwa na watu wawili wa dini mbili.

Baada ya kuyasema hayo, sharti ikubalike kwamba watu wengi hawatajenga mifereji wala hawatauawa Mogadishu. Uwanja wao ni boma la jirani. Katika vijiji vya Runyenjes, Chuka na Nkubu, jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, umoja wa akina mama wa Kianglikana na chama cha wanawake cha Wapresbiteri hufanya jambo moja lisiloandikwa magazetini: mwanamke akijifungua, awe mwenzao au asiwe, humwendea na mzigo wa kuni mgongoni, unga wa wimbi na ndizi, wakampikia uji, wakafua nguo, wakamshika mtoto ili mama alale. Mwenye nyumba akiuliza, "Niwalipe nini, akina mama?" huambiwa, "Pona kwanza, mama." Pengine mwaka utapita kabla hajawauliza habari za kanisa lao, na pengine hatauliza kamwe; na kuni zile hazitakuwa zimepotea, kwa sababu hazikupelekwa ili aulize.

Hapa ndipo penye mtihani wa mwenye imani. Wako wadhanio kwamba kuishi vyema pasipo kunena ni woga, na wako wadhanio kwamba kunena kwa sauti ya vipaza sauti sokoni, pamoja na kuwatisha wapita njia kwa moto wa Jehanamu, ni ushujaa. Kunena si haramu. Petro mwenyewe aliwaagiza Wakristo wawe tayari kumjibu kila aulizaye sababu ya tumaini lao, ila kwa upole na heshima. Lakini jibu hutanguliwa na swali, na swali huzaliwa na maisha yaliyomshangaza mtazamaji: mfanyabiashara wa miraa asiyepunja kipimo, mwalimu asiyeomba hongo, ndugu aliyegawana shamba la marehemu baba yake na dada zake ilhali hakuna aliyemlazimisha.

Atakaye kuipeleka imani yake kwa jirani, na ajiulize kwanza kama hisani yake ingeendelea endapo angejua kwa yakini kwamba jirani huyo hatabadili dini yake mpaka kufa. Akiona kwamba ingekoma, basi alichokuwa akikifanya ni biashara, na majirani, ambao ni wepesi kutambua biashara, watampa bei inayomstahili. Akiona kwamba ingeendelea vile vile, na aendelee, na maneno yatapata wakati wake.