Gitaa la Umeme: Kulichagua kwa Bei Nafuu na Kulirekebisha kwa Rula na Karatasi

Katika nchi ya Wakurya, huko Genkuru na katika vijiji vingine vya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, chombo cha nyuzi si jambo geni. Litungu, ambalo Wakurya wenyewe huliita iritungu, lina nyuzi nane zilizokazwa juu ya sanduku la mti lililowambwa ngozi. Uzi upigwapo kwa kidole hutetemeka. Mtetemo huo huingia katika ngozi, na kwa kuwa ngozi ni pana, husukuma hewa nyingi na kutoa mvumo mzito. Jirani zao Wajaluo wana nyatiti, nayo ina nyuzi nane. Ni kutokana na nyatiti kwamba wapigaji wa benga walijifunza namna ya kulidonoa gitaa la umeme, sauti moja baada ya nyingine. Mmoja wa wakuu wa muziki huo, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 huko Nyamagongo, mkoani Mara, na bendi yake iliyopata sifa nchini Kenya ilichukua jina la Shirati, mji ulio katika wilaya ya Rorya, ambayo hadi mwaka 2007 ilikuwa sehemu ya Tarime.

Hata hivyo, wapigaji wengi wa zamani hawakuwa na gitaa lao wenyewe. Katika Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970 vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, kiwanda, jeshi au mfanyabiashara. Mpigaji alipoiacha bendi, aliliacha na gitaa. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na neno la mwisho.

Leo hali imebadilika. Viwanda vya China na Indonesia hutengeneza kwa wingi magitaa yanayofuata mitindo ya miaka ya 1950, na mwalimu au kijana wa sekondari anayeweka akiba anaweza kujipatia moja. Lakini hutokea mara kwa mara kwamba mnunuzi hulifikisha gitaa nyumbani, akasikia nyuzi zinagwaruza na sauti hazipatani, akaamua kuwa ametapeliwa, na kuliuza kwa hasara. Pengine gitaa hilo halikuwa bovu hata kidogo. Lilikuwa halijarekebishwa tu. Basi, msomaji, ni vipi tutatofautisha kasoro inayorekebishika na ile isiyorekebishika? Jibu limo katika fizikia ya kidato cha tatu na cha nne.

Uzi, sumaku na koili

Mwaka 1636 mwanachuoni Marin Mersenne wa Ufaransa alichapisha kanuni za uzi unaotetemeka. Kwa ufupi, kanuni hizo husema kwamba sauti ya uzi hupanda pale uzi unapofupishwa, unapokazwa zaidi, au unapokuwa mwembamba. Uzi ukipunguzwa hadi nusu ya urefu wake, mitetemo kwa sekunde huongezeka mara mbili, yaani sauti hupanda kutoka do ya chini hadi do ya juu. Lakini tukitaka kupata do hiyo ya juu kwa kukaza uzi bila kuufupisha, itatubidi tuongeze mkazo mara nne.

Litungu hutegemea zaidi kukaza: kila uzi una sauti yake. Gitaa huongeza njia ya kufupisha. Shingo yake ina vijiti vya chuma viitwavyo freti, na kidole kinapobana uzi nyuma ya freti, sehemu inayotetemeka huwa fupi.

Gitaa la umeme halina ngozi wala sanduku la mvumo. Kiwiliwili chake huwa ubao mzito usio na uwazi mkubwa ndani, nalo likipigwa bila umeme halisikiki mbali. Kazi ya ngozi imechukuliwa na kinasa-mtetemo, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko elfu kadhaa. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku, huubadilisha uga wa sumaku, na badiliko hilo huzalisha umeme katika koili. Hii ndiyo kanuni aliyoigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Umeme huo, ambao ni sehemu ndogo tu ya volti moja, hupelekwa kwenye amplifaya ukakuzwa. Kwa sababu hiyo uzi wa nailoni au wa mshipa wa mnyama hauwezi kusikika katika gitaa la namna hii: sumaku haiutambui.

Mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Mitindo ya zamani inayoigwa sana ni miwili ya kampuni ya Fender ya Marekani: Telecaster, iliyopata jina hilo mwaka 1951, na Stratocaster ya mwaka 1954. Yote miwili ina ubao mmoja na shingo iliyofungwa kwa skrubu, nao ni muundo usio na gharama kubwa kiwandani. Kwa hiyo gitaa la bei nafuu la mitindo hii laweza kuwa zuri. Mnunuzi na akumbuke kanuni moja: lipia kile usichoweza kukirekebisha mwenyewe. Rangi inayong'aa isikushawishi, na nyuzi zilizochakaa zisikuogopeshe.

Kwanza, chunguza shingo. Lishike gitaa kama fundi seremala anavyokagua ubao, ukitazama kwa jicho moja kutoka kichwani kuelekea kiwiliwilini. Kupinda kidogo kwa mbele si kasoro. Shingo iliyojisokota, upande mmoja juu na mwingine chini, iache hapo hapo dukani.

Pili, bana kila uzi kwenye kila freti na usikilize. Uzi ukikwaruza kila mahali, urefu wa nyuzi wahitaji kurekebishwa. Ukinyamaza au kukwaruza mahali pamoja tu, huenda freti imeinuka au imelika, na hiyo ni kazi ya fundi.

Tatu, chukua rula. Pima kutoka kizingiti, yaani kile kipande chenye mifereji mwanzoni mwa shingo, hadi freti ya 12. Kisha pima kutoka hapo hadi daraja. Vipimo hivyo viwili lazima vikaribiane sana. Daraja likizidi kwa milimita chache ni sawa, kwa sababu tutakayoieleza. Tofauti ikiwa kubwa, na daraja halina nafasi ya kusogezwa, gitaa hilo halitapatana na chombo kingine.

Nne, uliza ni wapi inapokazwa nondo ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Katika baadhi ya magitaa yanayofuata sana uzamani, skrubu yake imefichwa chini, na ni lazima shingo ifunguliwe kila mara. Ikiwa kichwani, kazi ni rahisi.

Tano, chomeka waya, fungua sauti yote, na upime ukinzani kwenye ncha ya pili ya waya kwa mita ya umeme ya maabara ya shule. Kinasa-mtetemo cha koili moja kwa kawaida huonyesha kiloomu 5 hadi 8 hivi. Mita ikionyesha sifuri, au mamia ya kiloomu, kuna waya uliokatika au uliogusana.

Marekebisho yafuatwe kwa mpangilio

Kila rekebisho huathiri lile linalofuata. Kwa hiyo mpangilio usivurugwe. Anza kwa kuweka nyuzi mpya na kuzipatanisha. Kuanzia uzi mnene, mitetemo kwa sekunde ni 82.4, 110, 146.8, 196, 246.9 na 329.6. Programu ya simu hutosha kwa kazi hii.

Hatua ya kwanza ni shingo. Nyuzi sita huivuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 35 hadi 50 hivi, na mti hubadilika kati ya masika na kiangazi. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Uzi sasa ni rula iliyonyooka. Katikati, penye freti ya 7 au ya 8, lazima pawe na upenyo mdogo wa milimita 0.2 hadi 0.3. Karatasi ya kawaida ya kupigia chapa ina unene wa milimita 0.1 hivi, basi karatasi mbili au tatu zapaswa kupenya bila kuusukuma uzi. Upenyo ukizidi, kaza nondo, ukikosekana, legeza. Zungusha robo ya mzunguko tu kila mara, kisha upime upya. Ukihisi nondo imegoma, usilazimishe.

Hatua ya pili ni kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 12, nafasi kati ya freti na uzi iwe milimita 1.6 hadi 2, sawa na karatasi 16 hadi 20. Skrubu ndogo za daraja hupandisha na kushusha. Ubao wa vidole wa mtindo wa zamani ni mviringo zaidi. Kwa hiyo anayependa kuvuta uzi pembeni asishushe mno, maana sauti itakatika.

Hatua ya tatu ni urefu wa uzi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Kidole kinapobana uzi, huunyoosha kidogo na kuongeza mkazo, na sauti hupanda kupita kiasi. Dawa yake ni kuufanya uzi uwe mrefu kidogo kuliko hesabu inavyodai. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 na upate sauti ya mguso. Kisha ubane hapo hapo. Sauti hizo mbili lazima zilingane. Ya kubana ikiwa juu zaidi, rudisha kiti cha uzi nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Kisha upatanishe tena na kupima. Telecaster ya mtindo wa zamani ina viti vitatu tu kwa nyuzi sita, kila kimoja kikibeba nyuzi mbili. Hapo ukamilifu haupatikani, na mrekebishaji hutafuta mahali ambapo kosa la nyuzi zote mbili ni dogo.

Mwisho, weka kinasa-mtetemo milimita 2 hadi 3 chini ya uzi uliobanwa kwenye freti ya mwisho. Kikikaribia mno, sumaku huuvuta uzi na kuuharibia sauti.

Mngurumo na usalama

Koili haichagui. Hunasa uzi, na hunasa pia uga wa umeme wa gridi, unaogeuka mara 50 kwa sekunde, ukasikika kama mngurumo. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitafuta dawa kwa kuweka koili mbili zinazopingana: mngurumo hujifuta, sauti ya uzi hubaki. Mwenye koili moja na akae mbali na transfoma na chaja. Kigeuza-umeme duni cha sola huzidisha kelele. Amplifaya ndogo ya betri huwa tulivu zaidi.

Jambo hili lisipuuzwe: nyuzi za gitaa la umeme kwa kawaida zimeunganishwa na waya wa ardhi wa amplifaya. Amplifaya ikiwa na hitilafu, au waya wa ardhi ukikatwa, mpigaji anashika umeme kwa mikono yake. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi, na amplifaya iliyotumika ikaguliwe na fundi umeme kwanza.

Jaribio la darasani

Urefu wa uzi katika mitindo hii ya Fender ni milimita 648. Kutoka freti moja hadi nyingine, urefu uliobaki hugawanywa kwa 1.0595, namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe mara 12 hutoa 2. Wanafunzi wakokotoe umbali wa freti kutoka kizingiti, kisha wapime gitaa halisi. Watapata milimita 36.4 kwa freti ya kwanza, 70.7 kwa ya pili, 162.5 kwa ya tano, 215.5 kwa ya saba na 324 kwa ya 12. Wajiulize: kwa nini freti husogeleana kadiri tunavyokaribia kiwiliwili? Kisha, mahali palipo na mzee apigaye litungu, wamwombe awaonyeshe jinsi anavyozipatanisha nyuzi nane kwa sikio peke yake, nao wapime kwa simu mitetemo ya kila uzi.

Mpigaji wa zamani aliliacha gitaa kwa mwenye mali. Kijana wa leo akilinunua, gitaa ni lake. Lakini asipojua kulirekebisha, bado atamtegemea mwingine kila mvua inapobadilika. Spana ndogo, rula, karatasi chache na sikio tulivu vyatosha kumwondolea utegemezi huo.