Ufunguo Unapokatikia Kitasani

Wilayani Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, jasho la mwaka mzima hulala nyuma ya mlango wa ghala la korosho. Ufunguo ukikatikia mlangoni huku lori likingoja, wengi hukimbilia nyundo. Hata hivyo, mwenye kuelewa muundo wa kitasa aweza mara nyingi kuuokoa mlango na kufuli pia.

Makufuli mengi, na vitasa vingi vya milango mipya, hufuata muundo uliokamilishwa na Linus Yale mdogo wa Marekani katika miaka ya 1860, ijapokuwa asili ya wazo hilo ni komeo la mbao la Wamisri wa kale. Ndani ya silinda imo silinda nyingine ndogo izungukayo. Jozi za pini, kwa kawaida tano hivi, husukumwa na springi na kuzifunga silinda hizo pamoja. Meno ya ufunguo huinua kila jozi hadi kiungo cha pini mbili kilingane na ukingo wa silinda ndogo, nayo huweza kuzunguka.

Kwa nini basi ufunguo ukatike? Funguo nyingi ni za shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Kila pengo lililochongwa hupunguza upana wa metali, na pembe yake kali hukusanya mkazo. Hapo huanza ufa usioonekana, nao hukua kila ufunguo unapolazimishwa. Wahandisi husema metali imechoka. Wako wapitishao msumari wa sentimita 10 katika tundu la kichwa cha ufunguo chenye upana wa sentimita 2: kwa nguvu ileile ya vidole, momenti huzidi mara tano!

Tandahimba ina jambo la ziada. Mikorosho inapotoa maua hupulizwa salfa ya unga ili kuzuia ubwiri unga. Salfa huweza kuusawijisha ufunguo kwa utando mwembamba wa salfaidi ya shaba, lakini weusi huo si ndio uuvunjao. Kibaya zaidi ni unga huo na mchanga vinapochanganyika na mafuta ya kupikia yaliyomiminwa kitasani. Huwa tope linalokwamisha pini. Unga wa risasi ya penseli, ambao una grafaiti, hulainisha bila kunasa vumbi.

Sasa kipande kitolewe. Kwanza tazama tundu limesimama wapi. Ikiwa silinda imekwisha kuzunguka kidogo, hakuna koleo litakalofaa, kwani pini zimezuiwa zisipande, nazo zimekishika kipande. Irudishe kwanza mahali pake kwa ncha ya bisibisi nyembamba. Kisha nyunyiza grafaiti, uingize kando ya kipande uzi mwembamba wa msumeno, meno yake yakielekea nje, uupindue kidogo ili ushike, na kuvuta polepole. Kufuli liinamishwe, tundu likitazama chini, na kugongwagongwa taratibu. Gundi isitumiwe kamwe: tone moja likifika kwenye pini, kitasa kimekwisha.

Vipande vyote viwili vihifadhiwe, maana fundi wa funguo aweza kuviunganisha na kuchonga nakala kwavyo. Kama upo ufunguo wa akiba usiotumika sana, huo ni kielelezo bora zaidi, kwa kuwa nakala ya ufunguo uliolika hurithi ulikaji wake.